Nilimwambia mume wangu nimeifuta ile picha. Sijaifuta

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala mji tuliokwenda. Mengine yote nitakueleza.

Mwaka huu mimi na mume wangu tumetimiza miaka kumi ya ndoa. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu, tukasafiri wiki moja nchi ya watu. Safari yenyewe tuliiwekea akiba kwa miaka mitatu. Mume wangu alitaka bahari. Mimi nilitaka siku moja tu niingie kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ambalo michoro yake nimeiona vitabuni tangu nikiwa shule. Akakubali. Yeye si mtu wa michoro. Njiani aliniambia, "Nitakufuata kama mkia, ila usiniulize maoni."

Tulifika asubuhi. Mlangoni wakatuambia mabegi makubwa yaachwe, na madogo ya mgongoni yavaliwe kifuani. La kwake lilikuwa dogo, akaruhusiwa kuingia nalo. Kwa saa mbili alinifuata kweli. Kuna mchoro mmoja nilisimama mbele yake hadi miguu ikafa ganzi. Nimeujua kwa miaka ishirini, na sikujua kuwa ni mdogo vile, wala kwamba rangi yake imerundikwa nene hadi ina vivuli vyake yenyewe. Nilipogeuka nikamkuta mume wangu naye anautazama. Hakusema kitu, lakini alikuwa anautazama.

Chumba kilichofuata kilikuwa kitupu. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa kale usio na kioo, na sakafuni mbele yake mstari wa kijivu. Mlinzi alikuwa ametoka, tukawa tunamsikia akiongea na mtu chumba cha pili. Nikasema nimpige mume wangu picha, maana safari nzima mpigaji alikuwa yeye na hakuwa na picha hata moja. Akasimama. Nikamwambia begi limemkaa kama mimba ya miezi saba, akalizungusha mgongoni. Nikamwambia arudi nyuma kidogo, alikuwa ameufunika mchoro. Akarudi. Nikapiga, na papo hapo nikasikia sauti. Haikuwa kubwa, Shangazi. Ilikuwa kama ya kiberiti kibichi kinachokwaruzwa kisiwake.

Akageuka. Pembe ya chini, upande wa kulia, penye rangi ya giza, palikuwa na alama nyembamba, nyeupenyeupe, urefu kama ukucha wa kidole gumba. Kile kichuma cha zipu ya begi lake ndicho kilichogusa. Tukaangaliana. King'ora hakikulia. Nilifungua mdomo nimwite mlinzi, naapa niliufungua, mume wangu akanishika mkono hapa juu ya kiwiko akasema, "Twende." Tukapita vyumba vitatu bila kusimama. Cha tatu ndicho kilichokuwa na mchoro ulionipeleka kule hasa. Niliuona kwa pembe ya jicho, kama unavyomwona mtu ukiwa ndani ya basi linalokwenda.

Usiku hotelini akasema, "Ile picha ifute." Nikachukua simu, nikaingia bafuni, nikatoka nikamwambia nimeifuta. Sikuifuta.

Miezi mitano imepita. Usiku akishalala naifungua, naikuza ile pembe ya chini kadiri simu inavyokubali. Ukingo wa begi unaonekana umeegemea turubai, halijifichi. Mara tatu nimeandika barua pepe kwa wale wa makumbusho, na mara tatu nimeiacha bila kuituma. Nikimgusia mume wangu, majibu yake ni yale yale. "Ule mchoro hauna bei. Unataka tuuze nini, tuuze watoto?" Au atasema wana mafundi wao, walishaifuta ile alama siku ile ile. Juzi alinikuta nimeamka saa tisa usiku, akaniambia, "Aliyegusa ni mimi. Wewe hulali kwa nini?"

Kinachonichanganya ni kwamba huyu ni mtu anayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Aliwahi kukwaruza gari la mtu kwenye maegesho wakati hakuna aliyeona, akaacha karatasi yenye namba yake ya simu. Huyo ndiye niliyeolewa naye. Sasa yule aliyenivuta mkono kule ni nani? Nikituma barua nimemsaliti. Nisipotuma tumeharibu kitu cha dunia nzima tukanyamaza. Na mimi mwenyewe kila nikiifungua ile picha ni mwongo.

Nifanye nini, Shangazi?

Asiyelala

*

Mwanangu Asiyelala, marahaba.

Nianze na aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nilisimama mbele ya mchoro mmoja nikimwonyesha rafiki yangu kitu kidogo pembeni, pale mchoraji alipoweka nzi juu ya tunda, na kidole changu kikasogea kuliko nilivyodhani. King'ora kikalia. Unajua nilifanya nini? Kabla mlinzi hajafika nilikuwa nimeshageuka kumtazama rafiki yangu, kwa jicho la kumlaumu, kana kwamba kidole ni chake. Sikukusudia. Jicho lilikwenda lenyewe. Rafiki yangu bado ananikumbusha.

Nakuambia haya ili ujue anayekujibu si malaika wa majumba ya makumbusho.

Nikikusikiliza vizuri, wasiwasi wako una pande zaidi ya moja na wewe umezifunga kitita kimoja. Kuna alama yenye urefu wa ukucha. Kuna picha iliyo simuni mwako na mume anayeamini haipo. Na kuna mtu uliyemfahamu kwa miaka kumi, ambaye kwa dakika moja hukumfahamu. Umeniuliza kuhusu barua pepe, lakini barua yako kwangu imezungumza zaidi juu ya mkono uliokushika kuliko juu ya turubai. Nitaanza na turubai kwa sababu ndilo jepesi.

Una hakika gani kwamba ile alama ni yenu? Ulisikia sauti, ukaiona alama, na mimi nisingebisha kwamba vinahusiana. Lakini hukuniambia kama uliitazama pembe ile kabla. Mchoro wa kale una makovu yake. Umewahi kuhamishwa, kusafishwa, kubanduliwa fremu na kurudishwa. Ndiyo maana wanaoitunza huwa na taarifa ya hali ya kila mchoro, yenye picha, inayoonyesha kila ufa na kila mkwaruzo, na wakitaka kukagua huwasha taa ubavuni mwa turubai ili mwanga ulale na kila kibonde kionekane.

Jambo lingine. Mchoro wa aina hiyo kwa kawaida una tabaka juu ya tabaka: turubai, kisha gundi na rangi ya msingi, kisha rangi za mchoraji, na juu kabisa vanishi. Vanishi iko pale, pamoja na mambo mengine, iumie kwa niaba ya rangi. Inaweza kuondolewa na kupakwa upya, na michoro mingi ya kale imefanyiwa hivyo zaidi ya mara moja. Na vanishi ikikwaruzwa juu ya rangi ya giza huonekana nyeupenyeupe, kama ulivyoeleza. Kwa hiyo inawezekana zipu haikufika kwenye rangi kabisa.

Usishushe pumzi bado. Kuna upande wa pili ambao mume wako haujui. Turubai likisukumwa, hata kwa kiwiko au begi, rangi kavu iliyo juu yake haipindi kama kitambaa. Inaweza kupata nyufa za duara, kama utando wa buibui, na nyufa hizo wakati mwingine hazionekani siku ile wala mwezi ule. Zinajitokeza baada ya miaka. Kwa hiyo yeye anayesema "walishaifuta" anabahatisha, na wewe unayesema "tumeharibu kitu cha dunia nzima" unabahatisha vilevile. Kila mmoja amechagua dhana inayolingana na usingizi wake.

Barua ingewafaa nini basi? Mfikirie fundi anayeikuta alama ile katika ukaguzi. Hajui imetoka wapi. Lazima ajiulize kama ni mgeni, kama ni ngazi ya msafishaji, au kama ni rangi yenyewe inayoanza kubanduka kwa sababu ya unyevu, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Sentensi moja, "ni kichuma cha zipu, tarehe fulani, begi liliegemea hapa," ingemtoa kwenye mashaka mengi. Thamani ya barua yako ni hiyo, na wala haihitaji majuto marefu ndani yake.

Sasa hili la bei, maana ndilo linalomtisha mwenzako. Amesema mchoro hauna bei, kwa hiyo mtauza watoto. Hebu niligeuze. Mwaka 1962, Mona Lisa ulipokuwa unajiandaa kusafiri kutoka Ufaransa kwenda Marekani, ulikadiriwa dola milioni 100 kwa ajili ya bima, na bima yenyewe haikukatwa, ikaonekana heri gharama iende kwenye ulinzi. Kitu kisicho na bei hakuna anayeweza kukuandikia ankara yake. Kinachoweza kudaiwa, kama kitadaiwa, ni kazi ya kurekebisha, na hata hiyo mara nyingi inapokuwa ni ajali hubebwa na jumba lenyewe au bima yake.

Mwaka 2010, New York, mwanamke aliyekuwa kwenye darasa la sanaa ndani ya jumba la Metropolitan alipoteza mizani akaangukia mchoro wa Picasso uitwao The Actor. Turubai lilichanika kama sentimita 15. Miezi michache baadaye mchoro ulirudi ukutani. Mwaka 2015, Taipei, mvulana wa miaka 12 mwenye kinywaji mkononi alijikwaa akatoboa kwa ngumi mchoro wa maua wa karne ya 17, na waandaaji wakasema hawataidai familia yake. Na kama mnataka kujipima na wakubwa, mwaka 2006 tajiri Steve Wynn, akiwaonyesha wageni wake Le Rêve ya Picasso aliyokuwa amekubaliana kuiuza kwa dola milioni 139, aliipiga kiwiko ikatoboka. Mauzo yakavunjika. Ilirekebishwa, na mwaka 2013 ikauzwa kwa dola milioni 155. Sijui kama hilo linafundisha chochote ila kwamba mafundi wale wanastahili heshima.

Ningekudanganya nikiishia hapo. Mwaka 2006 huohuo, katika jumba la Fitzwilliam pale Cambridge, mtu alikanyaga kamba ya kiatu chake akaporomoka ngazini na kuvunja vyombo vitatu vikubwa vya kale vya Kichina. Miezi michache baadaye polisi walimkamata, kisha shauri likaachwa. Na Juni 2025, katika jumba la Uffizi mjini Florence, mgeni mmoja alikuwa akiweka pozi la kuchekesha mbele ya mchoro wa mwanamfalme wa ukoo wa Medici. Akarudi nyuma, akajikwaa, turubai likapata tundu. Alitambuliwa palepale na mambo yakapelekwa kwenye sheria. Kwa hiyo hofu ya mume wako si ya kijinga. Watu wa namna yake wamewahi kukamatwa.

Mwaka huohuo wa 2025 kuna wengine wawili, mwanamume na mwanamke, kwenye jumba la Palazzo Maffei mjini Verona. Walingoja walinzi watoke ndipo wapigane picha kwenye kiti cha sanaa kilichofunikwa vito vya kioo. Mwanamume alikikalia, miguu ya kiti ikanyong'onyea, wakaondoka. Jumba likaitoa video yao hadharani, dunia nzima ikaiona. Nimeitazama. Kilichowakasirisha watu, nadhani, ni yale mabega yao wakitoka, kuliko kiti chenyewe. Nyinyi hamkungoja mlinzi atoke kwa nia mbaya, na sikulinganishi nao. Nataka tu uone kwamba vyumba vile vina macho hata mlinzi akiwa chumba cha pili. Inawezekana wanajua tayari. Inawezekana kwamba kwa miezi mitano unajadiliana na nafsi yako kama uwaambie kitu ambacho wamekwisha kukiandika kwenye jalada lao.

Haya. Sasa nisogee kwenye lile gumu, na uniwie radhi kama nitakugusa penye kidonda.

Umeandika kwamba begi lilikuwa kifuani, na wewe ukamtania, akalizungusha mgongoni. Umeandika kwamba ulimwambia arudi nyuma, akarudi. Mistari miwili, umeipita haraka, na baada ya hapo hadi mwisho wa barua yako anayetenda ni yeye peke yake. Yeye aligusa, yeye alivuta mkono, yeye alisema futa. Wewe umebaki shahidi.

Sisemi kosa ni lako. Begi ni lake, na mgongo wake anaujua mwenyewe. Lakini najiuliza kama kinachokuamsha saa tisa ni kile alichokificha yeye, au ni ile sauti yako mwenyewe ikisema "rudi nyuma kidogo." Unapoikuza ile pembe ya chini unatafuta nini? Alama haimo, picha ilipigwa kabla haijaonekana. Kilichomo ni begi lake. Nasikitika kusema, mwanangu, picha ile haiwafai sana watu wa makumbusho, wao wangetosheka na tarehe na chumba. Inafaa zaidi kwa kesi dhidi yake, na kesi hiyo umekuwa ukiisikiliza peke yako gizani, mshtakiwa amelala pembeni.

Na yeye alipokuambia "Aliyegusa ni mimi, wewe hulali kwa nini?" wewe umeisikia kama ukali. Inaweza kuwa ukali. Mimi nimeisoma nikasikia pia mtu anayejitwika mzigo mzima na kukutoa nje. Angeweza kukujibu kwamba wewe ndiye uliyemwambia arudi nyuma. Ana miezi mitano ya kulisema hilo. Hajalisema hata mara moja, au kama alilisema hukuniandikia.

Ile gari ya maegesho unailinganisha na mchoro, unaona watu wawili tofauti. Lakini pale maegesho alikuwa kwao. Alijua mwenye gari atapiga simu, watabishana kidogo, watalipana, kesho kazini. Kule alikuwa mgeni, mbele ya kitu ambacho hakuna anayejua bei yake, kwenye vyumba vyenye watu wa sare, pengine akifikiria pasipoti, ndege ya kurudi, watoto walio kwa dada yako. Uaminifu wake ulikuwa haujawahi kupimwa kwa mzani wa ukubwa huo. Wa kwangu ulipimwa kwa king'ora tu, na umeona nilivyofanya. Hilo halimsafishi. Kukushika mkono wakati umefungua mdomo ni jambo, na umeniandikia hadi mahali aliposhika, juu ya kiwiko. Nadhani mkono huo ndio unaotaka kuuzungumza naye, kabla ya zipu. Je, umewahi kumuuliza aliogopa nini hasa? Namaanisha swali hilo lenyewe, bila neno mchoro ndani yake.

Unaniuliza utume au usitume. Nitatembea nawe njia zote, uone mashimo yake.

Unaweza kutuma bila majina: tarehe, chumba, pembe, zipu. Fundi atapata anachohitaji. Lakini usijidanganye kwamba bila jina ni bila kujulikana. Kama tiketi mlinunua mtandaoni, kuna orodha, na kuna kamera. Wakitaka kuwapata, mtapatikana, na hapo mume wako atajua ulichofanya kutoka kwa mtu wa nje. Katika yote niliyoyapima, hilo ndilo ninalolihofia zaidi, kuliko ankara yoyote.

Unaweza kutuma kwa majina yenu. Kwa hilo ningetaka mzungumze kwanza na wakili anayejua sheria za nchi ile, maana nchi hazilingani katika namna zinavyotofautisha ajali na kusudi, na kuondoka bila kusema kunaweza kusomwa vibaya hata pale ambapo mguso wenyewe ungesamehewa. Mazungumzo ya saa moja na wakili yanaweza kumwondolea mume wako ile ankara ya kufikirika ya kuuza watoto. Au yakampa sababu halisi ya kuogopa. Mimi siwezi kukuahidi ni ipi.

Unaweza kunyamaza na kuifuta picha. Kuna watu wazuri ambao wangefanya hivyo, na siwezi kuwaita waovu. Ila ukifuta, hakikisha unajua unafuta nini. Simu nyingi hupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni, na picha "iliyofutwa" hukaa kapuni kwa siku kadhaa. Ningesikitika akaikute mwenyewe siku anamtafutia mtoto picha ya shule.

Na kuna njia ambayo hukuitaja hata kidogo, nayo imenishangaza kwa kutokuwepo kwake. Kumwambia kwamba picha ipo. Kabla ya makumbusho na kabla ya wakili, kumwambia yeye. Najua kwa nini hukuitaja. Ukisema, utapoteza ile nafasi ya kuwa msafi kuliko yeye. Atakasirika, na atakuwa na haki kiasi: miezi mitano amelala kando ya ushahidi. Anaweza kukunyang'anya simu aifute palepale. Anaweza kukuuliza, "Uliiweka ya nini?" na hilo ndilo swali ambalo ningependa uwe na jibu lake kabla hujaanza, kwa sababu "nilitaka kuwatumia" si jibu kamili, na nyote wawili mtalisikia. Lakini pia anaweza kunyamaza. Wanaume wengi wanaosema "hakuna kitu" wanangoja mtu mmoja aseme kwamba kipo.

Ukiamua kumwambia, usimwambie saa tisa usiku. Anza na la kwako, begi la mimba ya miezi saba na "rudi nyuma." Mtu akiona umeshika ncha moja ya mzigo huwa ni rahisi kwake kunyanyua ya pili. Kama hatanyanyua, utakuwa umejua jambo jingine, na hapo niandikie tena.

Kabla sijakuacha. Ulipita mbele ya mchoro ulioungoja tangu shule, ukauona kama mtu wa dirisha la basi. Umeniandikia hilo kwa sentensi mbili halafu ukarudi kwenye makosa, kana kwamba huna haki ya kulilia kitu chako wakati kuna kitu cha dunia. Sehemu ya hasira hii inaweza kuwa ni hiyo, na ni yako kabisa. Haina haja ya kujificha nyuma ya zipu. Mwambie na hilo. Huenda hajui kabisa kwamba vyumba vile vitatu vilikuwa na kitu.

Na hiyo picha, kabla hujaamua lolote juu yake, ifungue mara moja mchana, bila kuikuza. Ulikuwa umetoka tu kumtania. Pembe ya chini umenieleza hadi ukingo wa begi. Uso wake hujaniambia ukoje.